Dhambi Zake Zilikuwa kwa Kiluba

Mama mkwe wangu na mimi tunazungumza kupitia kuku. Nianze hapo, maana nisipolieleza hilo kwanza, mengine yote yataonekana uongo.

Kwa desturi ya Waluba, mwanaume hamtazami usoni mama aliyemzaa mke wake. Haingii chumbani mwake, hali mbele yake, hatamki jina lake. Na yeye akiniona nakuja njiani anageukia majani mpaka nipite. Heshima hiyo tunaiita buko. Baba yangu alikuwa mtu wa reli aliyetoka mbali, nami nilizaliwa hapa Kamina katika kambi ya reli, ambapo kila nyumba ilikuwa na lugha yake. Kwa hiyo buko nilijifunza ukubwani, kama mtu anayejifunza baiskeli na miguu yake imeshakuwa mirefu. Kiluba chenyewe nilikijua tangu utoto, kwa kucheza mpira na watoto wa wakulima.

Baba mkwe alipofariki, mke wangu alimleta mama yake akae kwetu. Nilimjengea nyumba ndogo ya tofali upande wa pili wa lupango, yaani kiwanja chetu, na katikati yake nikasimamisha ua wa matete ili kila mtu awe na heshima yake. Akihitaji kitu na mke wangu hayupo, mama mkwe anaketi upande wake wa ua na kumwambia kuku: "Wewe kuku, mwambie yule mwenye nyumba chumvi imekwisha." Nami upande wangu namjibu kuku: "Kuku, sema chumvi itakuja." Kuku hasemi kitu, anachakura. Yule wa kwanza aliliwa zamani. Huyu wa sasa ni mwekundu, shingo haina manyoya, na ana kiburi cha mtu mwenye kazi serikalini.

Mama mkwe husema naye kwa Kiluba. Ninayaandika maneno yake kwa Kiswahili kadiri nilivyoyaelewa, na kama kuna mahali nimeyapunguza utamu, kosa ni langu. Sikusoma sana. Nimezoea kuandika mambo ya mvua na ya treni iliyofika au isiyofika.

Ilikuwa mwanzoni mwa Juma Takatifu. Nilikuwa nimeketi ninanoa jembe, nikasikia kiti chake kikilia nyuma ya matete.

"Wewe kuku," akasema, "mwambie yule kwamba padri wa wanajeshi anakuja kutoka Base, kule kambini kwa jeshi, kuungamisha watu. Mwambie nataka kuungama. Na mwambie nataka aniazime mdomo wake."

Nikaacha kunoa.

"Kuku," nikasema, "umesikia vizuri?"

"Kuku amesikia vizuri sana," akajibu mama mkwe. "Anayejifanya kiziwi ni mwingine."

Lazima nieleze kwa nini nilishtuka. Sisi wa hapa, mtu asipoungama hakaribii meza ya Bwana. Na mama mkwe alikuwa hakaribii tangu muda mrefu. Kila Jumapili alikwenda misani, akaimba kuliko wanakwaya, lakini watu wakipanga mstari wa komunyo yeye alibaki kwenye benchi akitazama magoti yake. Katika mtaa kitu kama hicho hakipiti bure. Pale bombani, wanawake walikuwa wakisubiri maji na kumpima.

"Anaimba kupita sisi bote," nilimsikia jirani mmoja akisema, "na saa ya komunyo anabakia pa benchi. Muntu mwenye moyo mweupe, anabakia sababu gani?"

"Pengine iko na siri yake," akasema mwingine.

"Mwanamuke muzee mwenye siri? Eeh, mama! Minyi siwezi kunywa bilauri ya maji ya mukono yake."

Hawakulitaja lile neno la uchawi, lakini lilikuwa limeketi pamoja nao kwenye ndoo. Kila mtu hapa anajua neno hilo likishatajwa linampeleka wapi mwanamke mzee asiye na mume. Nitasema pia kwa haki kwamba jirani huyo huyo wa bilauri, mvua zilipokuwa kali na miguu ya mama mkwe ikavimba, alimletea uji wa mahindi siku nyingi, akaketi naye. Mtu mmoja anaweza kufanya yote mawili. Mimi mwenyewe sikuwa bora. Sikuwaza uchawi, ila niliwaza kwamba ana kinyongo cha ukoo na paroko wetu, nami nikamwona mkaidi.

Kwa sababu tangu aondoke padri mzee wa zamani, paroko wetu mpya ni mtoto wa dada yake mama mkwe. Ni Mluba wa Kabongo kama yeye, anaongea Kiluba kizito cha wazee, na ni mtu mwema. Sina neno baya juu yake. Alikuja mara moja kwetu kumsalimu, akakaa, akatania. Mama mkwe akampa karanga na kumuuliza habari za mashamba mpaka akaondoka. Kuhusu kitubio hakuna aliyefungua mdomo.

"Kuku," nikasema siku ile, "muulize mama: paroko wetu si anajua Kiluba kuliko mimi?"

Kuku akatoka upande wangu kwenda upande wake, kwenye tundu lake la chini ya matete.

"Ndiyo shida yenyewe, kuku," akasema. "Yule nimemwogesha. Nimempangusa kamasi na mengine yasiyo kamasi. Alipoiba karanga za mbegu nilimchapa. Leo nipige magoti nimwambie, 'Baba, nimekosa'? Nimejaribu. Nilifika mpaka kwenye mstari, nikaona masikio yake. Ni masikio yaleyale. Nikarudi nyumbani."

"Na mapadri wengine wanaopita?"

"Wanajua Kifaransa na Lingala. Kiswahili changu mimi ni cha kuuzia mihogo. Dhambi zangu ziko kwa Kiluba."

"Na binti yake, kuku? Mke wangu si anajua lugha zote mbili?"

"Mtoto haoni uchi wa mama yake. Mwambie yule hivi: miguu hii imeanza kuvimba mpaka magotini. Sitaki kuondoka kama mtu aliyetoka nyumba ya watu bila kuaga. Na mwambie nimemchagua kwa sababu tangu amwoe binti yangu hajarudia neno langu hata moja kwa mtu. Hata nilipokuwa na njaa hakunitangaza. Buko limeshamfunga mdomo kabla ya padri."

Haya aliyasema kwa kuku, si kwa padri, ndiyo maana naweza kuyaandika. Nilifikiri sana juu ya mpaka huo, na nilimuuliza padri baadaye, na yeye mama mkwe pia nilimuuliza. Akasema: "Yaliyo ya kuku, andika. Yaliyo ya padri, acha."

Mke wangu alirudi na sombe, majani ya muhogo, kichwani. Nilimweleza.

"Weye?" akasema, mzigo bado kichwani. "Weye njo utasikia zambi za mama yangu? Weye hata sahani yake haushikake?"

"Njo vile amesema."

"Amesema ku nani?"

"Ku kuku."

Akacheka mpaka akatua mzigo na kukaa chini. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, akabaki anachambua majani bila kuniangalia.

"Mvua yote minyi njo nilikuwa namukanda miguu," akasema. "Leo ananipita pembeni, anaenda ku weye."

Alikuwa na haki ya kuumia, na niliona jibu lolote lingemuumiza zaidi. Akatwanga sombe kwa nguvu, kinu kikalia mpaka jirani akauliza kama tuna wageni. Baadaye mchi ukapungua kasi.

"Lakini na minyi pia," akasema, "zangu siwezi kuzisema mbele yake. Ataniuliza maswali mpaka Krismasi." Akafuta jasho. "Basi. Lakini usiniletee maneno yake mu kitanda."

"Sitakuletea."

"Na nikikuuliza?"

"Nitakuficha."

"Muzuri. Unifiche. Nikikuuliza tena, unifiche tena."

Kesho yake nilikwenda kanisani kumtafuta padri wa wanajeshi. Alikuwa amekuja kwa pikipiki, amefunikwa vumbi, na chini ya kanzu yake nyeupe alivaa buti za jeshi. Si mtu wa huku. Alitoka magharibi, na Kiswahili chake kilitembea na Lingala mkono kwa mkono. Nilimkuta barazani anakula ndizi.

"Kaa, papa," akasema. "Unaungama ao unaangalia buti?"

Nilimweleza mambo yote, na kuku nikamtaja, maana sikujua namna ya kumruka. Hakucheka. Alicheka kidogo tu.

Nikamwambia kilichonisumbua zaidi. Tulipokuwa watoto, katekista alitufundisha kwamba kitubio ni tribinali: padri ni hakimu, na mwenye dhambi analeta mashtaka yake yote bila kuficha. Sasa, hakimu asiyeelewa mashtaka atahukumu nini? Na mimi mtafsiri, nikikosea neno moja, si nitakuwa nimeharibu kesi ya mtu na Mungu?

"Katekista yako hakudanganya," akasema padri. "Kanisa linasema vile. Lakini angalia ni tribinali ya namna gani. Mwenye makosa hakukamatwa, amejileta mwenyewe. Anajishitaki mwenyewe. Na akiwa na majuto anatoka huru, kila mara. Umeona wapi tribinali kama hiyo? Ku jeshi hatuna." Akatupa ganda la ndizi. "Kule kwetu kambini, askari akitoroka, anakaa mu pori, njaa inamuuma, anaogopa bariera ya askari mu barabara. Na iko na haki ya kuogopa, akirudi atafungwa. Kwa Mungu, papa, ni tofauti. Chakula yake iko mezani inapoa, na Baba anaangalia njia. Kitubio ni bariera yenye kufunguka. Kazi yake ni kumurudisha mutu nyumbani. Si kunijulisha minyi habari."

"Basi anaweza kurudi bila minyi?"

"Anaweza. Lugha ikikosekana, Kanisa halimulazimishi kupitia mutu mwingine. Aseme kwa Kiluba chake, aonyeshe majuto, minyi nitamupa ondoleo. Mungu hakosi kusikia Kiluba." Akanitazama. "Lakini akitaka mutu wa kutafsiri, anaruhusiwa. Na ule mutu anafungwa na siri. Ataenda nayo kaburini."

"Hata bibi yangu nisimwambie?"

"Hata bibi. Na mutu akikuuliza, 'Ilikuwa ndogo?', usiseme ndiyo, usiseme hapana. Ukisema 'ndogo', kesho ukinyamaza juu ya mwingine watajua ni kubwa."

Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilijua sasa jibu: mama mkwe angeungama kwa Kiluba, padri angemwondolea, mimi ningekuwa shambani. Nilisimama kwenye ua nikampa kuku habari yote, na sauti yangu nadhani ilikuwa na furaha kupita kiasi.

Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho.

"Kuku," akasema, "mwambie namshukuru padri. Lakini Mungu amejua tangu siku ile, na kujua kwake hakujanipa usingizi. Nataka mtu asikie. Nataka sikio lenye ngozi."

Kisha akaniambia jambo ambalo mke wangu hakuwahi kuniambia. Kijijini, kabla ya kuhamia mjini, alikuwa mmoja wa wanawake wanaozalisha. Uchungu ukikawia na mtoto akakataa kutoka, kazi yao wazee ilikuwa kumwambia mwanamke: sema. Sema kilicho moyoni, ulichomfanyia mumeo, ulichomtakia mke mwenzio, usife nacho. Na mwanamke alisema. Wakati mwingine mtoto alitoka, wakati mwingine hakutoka, hakunidanganya kwamba ni dawa. Lakini hakuona mwanamke hata mmoja aliyesema akatamani kuyarudisha maneno tumboni.

"Nimesikia mengi, kuku," akasema. "Wanawake wale nakutana nao sokoni na mabinti wao. Nanunua mboga kwao. Mwambie yule asiogope. Kusikia hakuui."

Sasa nilikosa mahali pa kukimbilia. Usiku huo sikulala vizuri, na kwa kweli sikuwa nikiomba kwa ajili yake. Niliomba padri apasuke tairi.

Hakupasuka. Jumatano alasiri alifika kwetu nyumbani, kwa sababu miguu ya mama mkwe isingemfikisha kanisani siku mbili tofauti, na aliitaka miguu hiyo kwa Pasaka. Mke wangu alisalimu, akachukua ndoo zote za nyumba, hata zilizojaa, akaenda bombani. Padri akaingia upande wa mama mkwe, akavaa shingoni stola yake, ule mkanda wa zambarau, akaketi kwenye kiti. Mimi nikakaa chini upande wangu, mgongo ukigusa matete, uso ukitazama jiko la mkaa.

"Lakini ninyi muko na konfesionali tayari, kizimba ya kuungamia," akasema padri akiangalia ua. "Nani alijenga?"

"Minyi," nikasema.

"Basi ulikuwa unajenga bila kujua."

Akafanya ishara ya msalaba. Mama mkwe akaanza.

Shida ilinipata mapema. Alisema sentensi ya kwanza, akangoja. Nikafungua mdomo kutafsiri: "Anasema kwamba yeye..." na mdomo ukafunga wenyewe. Buko. Tangu niwe mkwe sijawahi kusema habari za mwili wala matendo ya mama huyo, sijawahi kusema "yeye alifanya". Kuku akapita tunduni akanitazama kwa jicho moja. Padri alingoja. Nilisikia buti zake zikisogea.

Ndipo nikapata njia. Nikasema: "Minyi nilifanya..." Na nikaendelea hivyo mpaka mwisho. Yeye akisema "nilifanya" kwa Kiluba, mimi nikasema "nilifanya" kwa Kiswahili, kama vile ni mambo yangu. Hivyo sikumtaja hata mara moja. Padri alielewa mara moja na hakuniuliza. Alipotaka kusema neno kwa mama, alilisema polepole, nami nikalirudisha kwa Kiluba nikitazama mkaa.

Yaliyosemwa siyaandiki. Wala siandiki kama yalikuwa mengi au machache, ya zamani au ya juzi. Siku ile katika daftari langu niliandika tu kwamba mvua haikunyesha.

Naweza kuandika mwisho wake, maana si dhambi ya mtu. Padri alinyoosha mkono, niliona kivuli chake juu ya matete, akatamka maneno ya kuondolea. Nikayapeleka upande wa pili kwa Kiluba, si kwamba yalihitaji mimi ili yafanye kazi, ila ili ayajue: ondoka na amani. Nyuma yangu nikasikia pumzi ikitoka, ndefu, kutoka chini kabisa. Pumzi ya namna hiyo nilikuwa nimewahi kuisikia mara moja tu, nikiwa nimesimama nje ya dirisha la maternite, mke wangu alipomaliza kumzaa mtoto wetu wa kwanza.

Kisha kiti kikalia, mlango ukafungwa. Mama mkwe alikuwa ameingia ndani kusali.

Mimi nilibaki chini. Wasiwasi wangu ulikuwa umeamka. Padri alizunguka ua akanikuta.

"Papa, umekufa?"

"Mon père," nikasema, "minyi nimesema 'nilifanya, nilifanya'. Na weye umesema 'ninakuondolea'. Sasa ile ondoleo, imeniangukia minyi ao imemuangukia mama?"

Alicheka mpaka akashika matete, na ua wangu ukatikisika. "Imemuangukia mama yote. Haikumwagika." Akaipangusa stola yake vumbi. "Lakini bado niko na stola mu shingo. Weye za kwako unazipeleka wapi?"

Sikuwa nimejitayarisha. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba mimi ni mtu wa kujichunguza kupita kiasi, kwamba kila nikitoka kitubioni narudi njiani nikidhani nimesahau moja, au nimesema vibaya moja, na kwamba padri mzee alikuwa akichoka na mimi.

"Umesikia saa hii namna mutu anaungama," akasema. "Ulimusikia anarudi nyuma kupima maneno yake?"

Kuhusu nilichosikia sikujibu. Akatabasamu, akasema, "Muzuri. Umeshika siri hata kwangu." Akaketi juu ya gogo langu la kuni.

Nikaungama pale, karibu na jiko. Zangu zilikuwa kwa Kiswahili, na sikuhitaji mtu. Nilizisema mara moja tu, hovyo, bila kupanga. Alipomaliza kuniondolea, nilingoja ule wasiwasi wangu uje na swali lake la kila mara. Labda ulikuwa umechoka. Labda ulikuja nami sikuufungulia. Sijui vizuri, ila nilisikia njaa, njaa ya kweli, kama mtu aliyepona homa.

Padri alikuwa anafunga kamba za buti nilipoisikia sauti nyuma ya matete.

"Kuku, mwambie yule anawe mikono."

"Kwa nini, kuku?"

"Sisi tulikuwa tunanawa. Mwanamke akishasema, mtoto akishatoka, tunanawa, maji tunayamwaga chini, tunaenda nyumbani kwa waume zetu. Huwezi kupakata mtoto wako na mikono yenye maneno ya watu."

Nikaogopa kidogo. Nikamuuliza padri kwa sauti ya chini kama jambo hilo ni la kipagani.

Akaitazama mikono yangu. "Papa, iko na mukaa. Nawa."

Nikanawa kwenye beseni, kwa sabuni, nikamwaga maji karibu na muhogo. Mke wangu alirudi na ndoo zake akanikuta nimesimama na mikono iliyolowa. Alinitazama, akatazama mlango wa mama yake, akafungua mdomo.

"Unifiche," akasema, akaufunga.

Sitadanganya kwamba nimesahau niliyoyasikia. Ninayakumbuka. Nilidhani yatakaa kifuani kama jiwe, kwamba nikimwona mama mkwe akigeukia majani nitayaona hayo kwanza. Haikuwa hivyo. Nikimwona, naona anageukia majani. Nadhani ni kwa sababu nilikuwepo yalipoondolewa. Mtu akisikia makosa ya mwenzake bombani, anabaki nayo, maana bombani hakuna anayeyaondoa. Mimi niliyasikia na mwisho wake pamoja.

Siku ya Pasaka mke wangu alimpandisha mama yake nyuma ya baiskeli akaisukuma, nami nikatangulia mbali mbele kama buko linavyotaka, nikisikia nyuma yangu wakigombana kuhusu mashimo ya barabara. Kanisa lilijaa mpaka nje. Saa ya komunyo, mama mkwe aliinuka kutoka kwenye benchi. Nilikuwa upande wa wanaume, na niliona vichwa vya wanawake vikigeuka, kimoja baada ya kingine, kama mahindi upepo ukipita. Yule jirani wa bilauri alisogea ampishe, halafu akamshika kiwiko akatembea naye, kwa sababu miguu ilikuwa mibaya.

Aliyegawa alikuwa paroko, mtoto wa dada yake. Alipomwona, mkono ulisimama hewani kidogo. Kisha akasema maneno yake kwa Kiluba, na mama mkwe akajibu amina kwa sauti ya kumsikilizisha mtu aliye ng'ambo ya mto.

Mlangoni, baada ya misa, paroko alikuja kumsalimu. Macho yalikuwa mekundu. Nilijua, na nadhani yeye alijua, kwamba mama mkwe alikuwa ameungama kwa mgeni. Kama jambo hilo lilimuuma, hakulionyesha.

"Mama," akasema, "leo umenifurahisha."

Mama mkwe alimtazama juu mpaka chini. "Vaa kofia," akasema. "Jua litakuchoma masikio."

Tulipofika nyumbani mke wangu alichukua kisu akaenda kumtafuta kuku wa sikukuu. Kuku mwekundu alikuwa tunduni, nusu upande huu na nusu upande ule.

"Hapana!" mama mkwe akapiga kelele kutoka kwake, kwa Kiswahili chake cha mihogo. "Ile hapana! Ile imesikia!"

"Mama, ni Pasaka!"

"Kula samaki!"

Tukala bukari, ugali wetu wa huku, na samaki kavu. Jirani alipita jioni kutuletea ndizi, akakaa, akazungusha maneno mpaka akafika alikotaka kufika.

"Lakini weye, papa," akaniambia, "ulikuwa pale. Alisema nini? Kitu kikubwa?"

Mke wangu akaacha kuosha sahani. Nikakumbuka: usiseme ndiyo, usiseme hapana.

"Uliza kuku," nikasema.

Nyuma ya matete mtu alicheka. Jirani naye akacheka, kwanza kwa haya, kisha kweli, akamrushia kuku kipande cha bukari na kumwambia aongee. Alipotaka kuondoka aliomba maji, na mke wangu hakuwa na maji ya kunywa upande wetu. Jirani akapiga hodi kwa mama mkwe. Nikasikia bilauri ikitolewa, nikasikia akinywa yote, na nikasikia bilauri ikirudi.

Mvua zimeisha sasa, na uvimbe wa miguu umepungua kidogo, si sana. Leo asubuhi kuku ameniambia chumvi imekwisha tena.